Kipwa Amisi Alipojifunza Kunyamaza

Ninyi mliokulia Kindu wakati mmoja na mimi mtakumbuka kwamba kipwa, yale majira ya kiangazi, njo ilikuwa sikukuu yetu ndefu. Shule zimefungwa, asubuhi ukungu umeufunika mto Lualaba hata huoni ng'ambo, na vumbi la barabarani ni baridi chini ya nyayo. Jua lilikuwa halina ukali. Lilijificha nyuma ya moshi wa mashamba yaliyochomwa, na majivu yakadondoka juu ya nguo zilizoanikwa, mama zetu wakagombana na mbingu. Tulikula nje, tukaoga nje, tukalia nje. Ndani tuliingia kulala tu.

Kipwa ninachotaka kuwasimulia ni kile cha vita. Nilikuwa na umri wa kubeba mtoto mgongoni bila kuambiwa mara mbili. Mdogo wangu Amisi alikuwa ameanza kukimbia na kusema maneno nusunusu, na Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kike majuma machache nyuma. Baba alifanya kazi kwenye treni. Alikuwa ameondoka kwenda kusini kama kawaida yake, na huku nyuma njia ya reli ikafungwa na wenye bunduki. Basi mtoto yule alikaa bila jina, kwa sababu kwetu jina hutolewa na baba. Koko, yaani bibi yetu mzaa mama, alimwita Mugeni.

Siku moja risasi zililia tangu alfajiri, na jioni yake Koko akasema hatulali tena mjini. Tulivuka mto kwa mtumbwi upande wa Alunguli, tukatembea hadi shamba lake, njia ya kuelekea Pangi. Kulikuwa na kibanda kimoja cha majani, kidogo, chenye moshi, na paa lake lilikuwa limejaa panya. Mama alichungulia ndani akatoka.

"Mutoto muchanga hawezi kuvuta hii moshi," alisema. "Tutakaa inje."

Na tukakaa nje kipwa kizima.

Nikisema nilifurahi mtanishangaa, lakini nilikuwa mtoto, na mtoto hajui kuhuzunika mchana kutwa. Mugeni alilazwa juu ya mkeka chini ya migomba. Koko alimpaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, hata akang'aa kama bilauli, akawa ananuka moshi na maziwa, na mimi nilipenda kuweka pua yangu shingoni mwake. Nilivunjavunja vikonyo vya majani ya mihogo nikatengeneza mikufu, mmoja wa kwangu, mmoja wa Amisi, na mwingine mdogo nikauweka juu ya tumbo la mtoto, ukapanda na kushuka akipumua. Chumvi haikuwepo. Koko alichoma majani fulani ya mtoni, akachuja majivu yake, na maji yale machungu ndiyo tuliyotilia katika sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo. Leo nikila sombe yenye chumvi ya dukani, viungo vyote vimo, nasikia kuna kitu kimekosekana.

Amisi ndiye aliyekuwa redio yetu. Baba alimfundisha kuiga treni kabla hajajua kutaja jina lake mwenyewe. Alikunja mikono, akajaza mashavu, kisha: "Kuuu! Kuuu! Chaka-chaka-chaka!" Alizunguka migomba, akapita katikati ya mihogo, akamwendea Mugeni na kumpigia honi usoni. Mugeni alirusha mikono yote miwili, akalia, kisha akanyamaza na kumtafuta kwa macho. Koko alikuwa akisema, "Huyu mutoto, hata nzige ya huku itamukimbia."

Mchana mmoja Mama na Koko walikwenda kijitoni kuloweka mihogo. Mugeni alikuwa mgongoni mwangu, amelala. Amisi alikuwa treni. Mimi nilichunga chungu cha wali ambacho Koko alikipika kabla ya mapambazuko, kwa kuwa mchana hatukuthubutu kuwasha moto, moshi usije ukatuonyesha.

Nikasikia majani yakivunjika kule njiani. Si hatua za mtu anayetoka shambani. Zilikuwa hatua za viatu vizito.

Nilimkamata Amisi, nikamlaza chini katikati ya mihogo, nikamziba mdomo. Alifikiri tunacheza. Macho yake yalicheka juu ya kiganja changu. Kitenge kililegea, Mugeni akaanza kuteleza ubavuni, nikauondoa mkono ili nimshike. Amisi akavuta pumzi.

"Kuuu!"

Hatua zilisimama. Kisha majani yakafunguliwa kwa mtutu wa bunduki, na mtu akatuangalia kutoka juu. Alikuwa kijana, midomo yake imepasuka kwa njaa.

"Mama yenu iko wapi?"

"Ameenda ku mayi," nilisema.

"Na baba?"

"Iko safari. Ku treni."

Aliangalia mgongo wangu. "Hii ndogo, jina yake nani?"

"Haina bado jina. Baba njo atamupatia."

 Amisi alikuwa amekamata mguu wangu. Yule mtu alikwenda penye migomba, akafunua chungu, akala kwa mkono akiwa amesimama, akala kama mtu anayekimbizwa. Kisha akakibeba chungu chenyewe, na kuku mmoja wa Koko akamfunga miguu akamtia begani. Alipotupita alimwonyesha Amisi kwa kidole.

"Muambie mama yako amufundishe huyu kunyamaza. Wenye kuya nyuma yangu hawana roho kama ya mimi."

Akaondoka. Mama aliporudi nilimweleza. Alikaa palepale chini, akamtoa Mugeni mgongoni mwangu, akamnyonyesha huku akiangalia njia, hata mtoto akapotewa na chuchu. Koko hakukaa. Alikusanya mikeka, na kabla jua halijazama tulikuwa tumeingia ndani kabisa ya pori, mahali ambapo hapakuwa na njia wala kibanda. Pale tulikaa mpaka mvua za kwanza.

Na pale ndipo Mama alipomfundisha Amisi kunyamaza. Hakumpiga hata siku moja. Aliweka kidole juu ya midomo, akamkazia macho, na Amisi akinyamaza alipewa kipande cha muwa. Akijisahau, kidole kilirudi, na muwa haukuja. Mimi pia niliweka kidole, na Koko pia. Tuliufanya uwe mchezo: nani atavuka mti huu mpaka mti ule bila kusikika? Amisi alishinda kila mara. Alijifunza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika peke yake. Akidondoka na kuchubuka goti, machozi yalishuka na mdomo ukabaki umefungwa. Tukamsifu. "Huyu njo mwanaume," Koko alisema, na Mama alimkumbatia. Wenye bunduki wengine walipita njia ile ya shambani, tuliwasikia wakipiga kelele na kuchoma vibanda, na hawakutuona. Kazi ya ukimya wa Amisi hiyo.

Tulipovuka mto kurudi mjini, nyumba haikuwa na mabati, lakini ilikuwa na kuta, na sisi sote tulikuwa hai. Majirani wengi hawakuweza kusema hivyo.

Baba alirudi vita vilipotulia, Mugeni akiwa tayari anakimbia. Alikuwa ametembea akifuata reli kituo baada ya kituo. Mugeni alimwona wa kwanza, akakimbilia jikoni akiita, "Mama, iko papa moya ku mulango!" Kwetu kila mwanaume mzima ni papa, nasi tulicheka na kulia kwa pamoja. Baba alimnyanyua, akamwangalia sana, akamwita Faraja palepale. Mtoto akajinyonganyonga ashuke, kwa sababu kwake alikuwa mtu baki mwenye ndevu.

Kisha Baba alichuchumaa mbele ya Amisi, ambaye alisimama kando ya ukuta. Akakunja mikono, akajaza mashavu.

"Kuuu! Kuuu!"

Amisi alimrukia na kumziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akageuka kuangalia mlango.

Baba alibaki amechuchumaa hivyo, mikono ya mwanawe usoni, na macho yakamjaa machozi. Kisha alimuuliza Mama, "Mulimufanya nini mutoto yangu?"

"Tulifanya abakie muzima," Mama alijibu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka.

Miaka iliyofuata Baba hakuchoka kuniomba nimsimulie kipwa kile. Mama hakutaka kukitaja, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki. Nilimweleza mikufu ya majani, mafuta ya mise, jinsi Mugeni alivyotoa tabasamu lake la kwanza chini ya migomba. Kila mara aliishia kwenye swali lilelile: "Na Amisi, alikuwa anacheka?" Nami nilimjibu, "Alicheka, Baba. Bila sauti." Aliitika kwa kichwa, kisha akaangalia mikono yake. Alikufa akiwa hajaisikia sauti ya Amisi zaidi ya salamu za asubuhi na jioni.

Sasa Mama na Koko nao wamekwenda. Faraja ana duka lake la vitenge na maneno mengi kama soko zima. Ukimweleza habari za pori anasema, "Yaya, dada yangu, mimi sikumbuki hata kitu," na anaendelea kuhesabu vitenge vyake. Amisi anachimba madini huko Pangi. Kipwa hiki amemleta mkewe kwangu Kindu na watoto wao wawili: mchanga wa kunyonya, na kaka yake ambaye ndiyo kwanza anakimbia.

Vijana wa leo wananichekesha. Binti yangu anasema mtoto mchanga asitolewe nje, kuna vumbi, kuna upepo, kuna mikrobi. Kaka yake huyu, ili ale, lazima awekewe simu mbele ya uso, uji uingie huku macho yameganda. Umuonyeshe jani la muhogo, anatafuta mahali pa kubonyeza. Juzi nilichukua mkeka, nikautandika uani, nikawatoa wote wawili. Binti yangu alinikodolea macho, lakini mimi ni shangazi, nilikaa.

Kaka mtu alipogundua uwanja hauna mwisho, alipagawa. Alikamata kifuniko cha sufuria na kijiko, akaanza kupiga na kupayuka, kuku wakatawanyika, mchanga akashtuka usingizini.

"Nyamaza, we!" binti yangu alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mutoto iko analala!"

Amisi alikuwa amekaa kwenye kiti akitengeneza kiatu chake. Aliinua kichwa.

"Mumuache."

Binti yangu alisimama. Alikuwa hajawahi kumsikia mjomba wake akipandisha sauti.

"Mumuache apige kelele," Amisi akasema tena, na akarudi kwenye kiatu chake.

Nilimchukua mchanga nikamweka kifuani, nikamtazama ndugu yangu, mvi zimeanza masikioni. Leo risasi hazilii, na watoto wetu wanakaa ndani. Sisi tulikaa nje kwa hofu, tukapata jua, majani, na pumzi ya mtoto mchanga mchana kutwa. Watu husema tulibahatika, tulitoka porini kama tulivyoingia, hakuna aliyepungua. Nami huwaitikia. Lakini kila nikimwangalia Amisi namkumbuka mtoto mmoja mwenye kelele nyingi, tuliyevuka naye mto kwenda, na ambaye hatukurudi naye.