Mpiga Kengele na Mswada Mnene

Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, mjomba wangu hufuta kitufe cha kengele kwa leso, kisha huweka kidole gumba juu yake bila kukibonyeza. Hukaa hivyo kidogo, kama mtu anayempima mtoto homa. Akiridhika, hutundika koti. Yeye ni mpiga kengele wa bunge. Kura inapokaribia hubonyeza, na mlio hupita koridoni, maktabani, msalani na mgahawani, kuwakumbusha waheshimiwa kwamba wana kazi. Kazini anaitwa Mzee Kengele. Nyumbani mkewe humwita Bwana Kimya.

Mkewe huyo, mkaza mjomba wangu, ana ugonjwa wa figo. Mara mbili kwa wiki alipanda basi la alfajiri kwenda mji mwingine kusafishwa damu, akarudi usiku hana hata nguvu ya kugomba. Hospitali yetu ilikuwa na chumba cha kazi hiyo. Kilikuwa kimejengwa, kikapakwa rangi ya kijani, kikatiwa kufuli. Mashine ndizo hazikuwamo. Fedha zake zilikuwa kwenye mswada wa afya, na mswada wa afya ulikuwa na tabia ya kufa.

Haukufa kwa kupingwa. Hakuna aliyewahi kusimama akasema anapenda watu waugue. Ila matumizi ya serikali yalipitishwa kwa mswada mmoja mmoja: barabara siku yake, shule siku yake, visima siku yake. Waliotaka barabara walikuja siku ya barabara, wakapata, wakaenda zao majimboni. Afya ilikuwa ya mwisho. Mjomba alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi, wakaja wachache, akidi ikakosekana, mswada ukaahirishwa, mwaka wa fedha ukaisha.

"Labda hawasikii," mkaza mjomba aliwahi kusema.

"Wanasikia. Yule anayekaa kona ya mgahawa huziba sikio kwanza, ndipo anaendelea na chai."

Mwaka huu mnadhimu wa serikali alichoka kuwafuata watu majimboni, akafunga kila kitu kwenye mswada mmoja. Ulikuwa mnene kiasi kwamba mbunge mmoja mfupi aliukalia ili Spika amwone. Wachache walioufungua walikuta barabara, shule, visima, mashine za figo, na paa la kuyakinga magari ya wabunge na jua.

Mjomba alikasirika kwa sababu ya paa. Akikasirika hula bila kuomba chumvi.

"Figo za watu na vioo vya magari, sufuria moja?" alisema.

"Bwana Kimya," mkewe akamjibu, "hata mashine zikija zimebebwa juu ya paa lenyewe, mimi nitazipokea. Kula."

Mlinzi wa getini naye hakumwacha. "Mzee Kengele! Kura moja mwaka mzima! Sasa utalipwa kwa mlio au kwa kimya?"

"Ningelipwa kwa kimya chako ningekufa maskini."

Lakini usingizi ulimpaa. Zamani mswada mmoja ukianguka, mingine ilibaki. Huu ukikosa akidi, vyote vinakwenda na maji, na mashine nazo. Alikuwa na mlio mmoja tu wa kuwaita.

Siku ya kura aliniomba nikakae naye kwenye chumba chake cha kengele. Nilikwenda na kitabu, nikakishika tu. Taa nyekundu iliwaka: waite. Mjomba akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa vidole viwili. Fyuzi ilikuwa imeungua. Fundi umeme alikuwa amekwenda kula. Mjomba, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua, alinyakua sinia la chai na kijiko, akatoka akiligonga korido nzima, nami nyuma yake nikiwaomba radhi watu ambao hawakuwapo.

Mgahawani viti vilikuwa vitupu. Vikombe vilifuka mvuke. Mhudumu alikuwa akifuta meza.

"Unampigia nani sinia, mzee?"

"Wabunge! Kura!"

"Wameshaingia wote. Hata yule wa kona. Ameacha chai aliyoilipia."

Mjomba alisimama na kijiko hewani. Kupitia ukuta tulisikia "Ndiyo" moja nzito, kama shehena imeshushwa. Kila mmoja alikuwa na chake ndani ya mswada, akaenda mwenyewe kukisindikiza.

"Na sinia langu," mhudumu alisema, "naomba."

Paa lilikamilika kwanza. Mashine zilifuata, na kufuli la chumba cha kijani likakatwa kwa msumeno, maana ufunguo haukuonekana. Jumanne moja magharibi nilikwenda kuwasalimia. Mjomba alikuwa kibarazani. Nilikuwa na swali moja, nililolibeba tangu siku ile.

"Mjomba, lile paa umelikubali?"

Aligeukia mlango. Jikoni sahani ziligongana.

"Amerudi kutoka hospitali saa saba, kwa miguu," alisema. "Zamani saa hizi angekuwa bado kwenye basi. Sasa yuko jikoni, ananisema."

"Nakusema, ndiyo!" ikaitika sauti. "Koti umeliacha wapi tena?"

"Lile paa silipendi," mjomba alisema. "Nimelikubali."