Mateka Wawili Katika Karakana ya Changamwe

Wakati wa vita vikuu vya pili nilikuwa seremala katika karakana moja ya Changamwe, nikapewa mateka wawili wa Kitaliani wanisaidie. Kila asubuhi nilikuja kwa miguu kutoka Mikindani, nikawakuta wameshaletwa kutoka kambini, mmoja mwisho huu wa meza, mwenziwe mwisho ule, hawasemezani.

Mkubwa alikuwa mwashi, baba wa watoto watatu. Alikuwa Mfashisti, wa chama kilichotawala kwao, wala hakuficha. Mdogo alikuwa fundi wa kiwandani huko kwao. Huyu alikuwa Mkomunisti, na aliniambia kwa sauti ya chini siku tulipobaki wawili tukichemsha gundi. Akaniomba nisimwambie mtu, kwani kambini Wafashisti walikuwa wengi.

Kiswahili chao kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewana. Siku moja nilimwuliza mwashi walikuwa wakipigania nini. Akaweka randa chini.

"Taifa ni mwili mmoja," akasema. "Kichwa kinaamuru, mikono inafanya kazi. Tajiri na maskini wakigombana, mwili unakufa."

"Na mimi ni kiungo gani?"

Alinitazama bila chuki, kama anayepima ubao. "Wewe si wa mwili huu, fundi. Wewe ni wa kutumwa."

Nilipomsimulia mdogo, alitema mate. "Mataifa ni mawili tu: wanaofanya kazi na wanaokula jasho lao. Mimi na wewe ni taifa moja, ndugu yangu."

Hakuna Mzungu aliyewahi kuniita ndugu. Siku nzima nilifanya kazi moyo umenichangamka. Lakini kesho yake nikamwuliza habari ya baba yangu, mzee wa kanisa kule Rabai, mwenye minazi yake.

"Minazi itakuwa ya wote," akasema. "Kanisa tutalifunga."

"Na baba akikataa?"

Aliinua mabega. "Basi atakuwa adui."

Maneno yale yalinichoma. Mchana, mdogo alipokwenda kuteka maji, nilimwambia mwashi, "Kumbe mwenzako ni Mkomunisti! Ataka kufunga makanisa." Nilisema kwa hasira tu. Mwashi akaendelea kupiga randa.

Siku ya tatu mdogo hakuja. Askari aliyekuwa akiwaleta akaniambia, "Amekufa. Wasema ameteleza bafuni." Kisha akaniagiza jeneza.

Tulilitengeneza mimi na mwashi. Mikono yake ilikuwa imechubuka vifundo vya vidole. Nilitaka kumwuliza, nikashika msumeno. Yeye alisema neno moja tu, kwamba ubao wa chini umepinda, akautoa na kutafuta mwingine ulionyooka.

Afisa wa kambi alikuja na daftari. "Umesikia ugomvi wowote baina yao?"

"Sijasikia kitu, bwana."

Niliogopa kufukuzwa kazi, na zaidi niliogopa kuulizwa nani aliyetoa siri yake. Nyumbani, mke wangu aliniona sili. "Una nini, baba watoto?" Nikamwambia nina homa.

Vita vilipokwisha, mateka walirudishwa kwao. Mwashi alikuja karakanani kuniaga, amevaa shati safi, akanyoosha mkono.

Nilimpa wangu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuurudisha nyuma, na jibu ninalopata ni kwamba sikujiona bora kuliko yeye.