Vidhibiti Vilivyokuwepo Kwenye Fomu Tu

Nimewahi kupewa cheti cha mhudumu bora kwa siku ambayo nilistahili kufukuzwa kazi.

Msinicheke kwanza. Nisikilizeni.

Nilikuwa karani kwenye kaunta ya kukodisha magari, uwanja wa ndege, kati ya duka la simu na vyoo. Jina kubwa lililowaka ukutani halikuwa letu; bosi wetu alilitumia kwa mkataba tu na kampuni yenye jina hilo.

Na mkataba ule ulikuwa na masharti. Mojawapo: mteja asiyeweza kutumia miguu, akitoa taarifa siku moja kabla, lazima akute gari lililofungwa vidhibiti vya mkono, yaani kile chuma kinachomwezesha kuongeza mwendo na kushika breki bila kukanyaga kitu.

Kila mwezi nilijaza fomu ya ukaguzi. Kipengele cha kumi na saba: vidhibiti vya mkono. Vipo. Vinafanya kazi.

Nasema "nilijaza", lakini kusema kweli nilichapisha upya fomu ya mwezi uliopita, nikabadilisha tarehe, nikatia saini. Ndivyo nilivyomkuta aliyenitangulia akifanya. Naye bila shaka alimkuta mwenzake.

Asubuhi moja akaja dada mmoja kwenye kiti cha magurudumu. Kaunta yetu ilimfika kwenye paji la uso.

"Shikamoo kaunta!" akasema. "Kwa urefu huo, wewe ni mkubwa wangu."

Nilicheka hadi nikaegemea meza. Nikafungua oda yake. Ombi la vidhibiti lilikuwepo, tena la siku sita nyuma. Nikaingia ofisi ya nyuma kumpigia fundi wetu, ambaye sote tulimwita Spana.

"Spana, funga vile vidhibiti vya mkono kwenye gari dogo jeupe. Mteja amefika."

"Vidhibiti gani, ndugu yangu? Si viliondoka na lile gari la zamani tulipoliuza? Mwaka wa pili huu! Kwani hukujua?"

Nikakata simu. Fomu ishirini na kitu, zote zina saini yangu.

Niliporudi, yule dada alikuwa na hamu ya kusimulia.

"Baba yangu anapoteza macho," alisema. "Daktari anasema labda wiki mbili, labda tatu. Tangu nipate ajali ananiambia nisahau usukani. Nimejifunza mwaka mzima kwa siri. Leo nataka anione naingia getini naendesha mwenyewe. Akishaniona, basi. Giza lije likitaka."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yangu.

"Dada, samahani sana," nikasema. "Ombi lako la vidhibiti halikutufikia. Pengine hukubonyeza mahali pake."



"Una hakika, kaka?"

"Nina hakika."

Hakubisha. Aliomba akae kidogo afikiri. Akakaa pale mbele yangu nusu saa nzima, nami nikajifanya napanga funguo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hatimaye akakubali gari lenye dereva. Dereva akamnyanyua, akamweka kiti cha nyuma kama sanduku. Yule dada hakuwa na utani tena.

Wiki mbili baadaye ikaja barua kutoka makao makuu ya kampuni ile. Mteja alikuwa ameandika kunisifu: mpole, mvumilivu, alimhudumia vizuri hata pale mteja mwenyewe alipokosea kujaza ombi. Bosi akanikabidhi cheti, wenzangu wakapiga makofi.

Spana hakupiga.

Nilikaa na cheti kile siku nne. Siku ya tano nikamwandikia yule dada kila kitu, kuanzia fomu hadi uongo wangu, na barua hiyohiyo nikaipeleka makao makuu.

Alinijibu hivi:

"Kaka, nilijua. Ujumbe wenu wa kuthibitisha ombi langu ulikuwa kwenye simu yangu. Ningekuonyesha, ungeumbuka palepale. Lakini niliona unapanga upya funguo zilizokwisha kupangwa, nikasema huyu ataniambia mwenyewe. Nilikungoja nusu saa. Ndipo nikaandika zile sifa, nijue kama utaweza kukaa nazo bila kusutwa.

"Baba hakuniona. Nilipopata gari linalonifaa, kwa kampuni nyingine, macho yalikuwa yamekwisha. Nilimketisha kando yangu, nikachukua kiganja chake nikakiweka juu ya mkono wangu ulioshika kidhibiti cha breki. Tukaenda hivyo hadi mwisho wa lami. Aliniuliza mara tatu: 'Ni wewe kweli?'"

Kazi niliipoteza, na sikuililia.

Wewe unayesoma haya, kama kazi yako ni kuandika "vipo" mahali fulani, inuka kwanza ukaangalie. Kuna mtu anapanga safari yake kwa kuliamini neno lako hilo.

Mimi swali la mzee yule haliniachi. Hakupaswa kuuliza. Alipaswa kuona.