Kompyuta Iliyokuja kwa Jina la Marehemu

Watu wa Igogo bado wananicheka, na wana haki yao. Hata juzi nikiwa nimeinama naziba pancha, mama mmoja alisimama akaniuliza, "Baba Neema, marehemu ameshaamka au umeme bado?" Nikamjibu ameamka, karibu, na wote waliokuwa pale wakacheka, nami nikacheka nao, maana nimechoka kuona aibu peke yangu. Basi acheni nisimulie mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na wale wanaoongeza chumvi (na mkasa wenyewe, niseme kweli, haukuhitaji chumvi).

Mimi ni fundi baiskeli, elimu yangu darasa la saba. Aliyekuwa na kichwa cha mambo ya karatasi ni mke wangu, Stella. Alikuwa na steshenari kwenye fremu, kile chumba kidogo cha duka kilicho nyuma ya benchi langu, akiwachapia watu barua na kuwatolea kopi, na wateja walipopungua alinikalisha kitini akanifundisha kuchapa kwa kidole kimoja, huku akinicheka. Alifariki mwaka jana baada ya kuugua siku chache, tukamzika kwao Bujora. Miezi miwili baadaye kompyuta yake nayo ikazima moja kwa moja (fundi aliifungua, akaitazama, akaniambia pole, nikaelewa). Fremu ikabaki imefungwa.

Mwenye fremu, Mzee Bwire, alinivumilia kwa muda mrefu. Mwishowe alikuja akasimama mbele ya benchi langu, mikono nyuma.

"Baba Neema, najua uchungu ulionao. Lakini kuna mtu wa chipsi ananisumbua kila siku. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nikikuta hujafungua, nampa yeye."

Sikubishana. Ila kila nikifikiria mafuta ya chipsi yakirukia ukuta ule, ambapo Stella alibandika orodha ya bei kwa mwandiko wake, nilikuwa nasukuma sahani pembeni. Nikazunguka maduka ya mjini kuulizia kompyuta, nikarudi mikono mitupu, bei zimenishinda. Ndipo nikaona kwenye simu tangazo la jamaa wa Dar wanaokuundia kompyuta ya mezani unavyotaka mwenyewe, unachagua kila kitu, na bei yao ilikuwa nzuri mno, hasa kwa kava moja, yaani ganda la nje la mashine, lenye ubavu wa kioo na taa za rangi, ambalo mteja mwingine aliliagiza kwa ajili ya magemu kisha akaghairi. Nikauliza kama taa zinakula umeme mwingi. Wakasema kidogo tu.

Halafu wakaniuliza: "Jina gani tuandike kwenye kava? Hiyo ni zawadi, hulipii."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ningeandika jina langu, au jina la duka, yote yangeishia hapo. Lakini tangu tumzike, sijawahi kumtaja mke wangu bila neno lile la mbele, nyumbani, kanisani, hata nikipeleka nia ya misa, na mimi nilifundishwa kwamba ukiulizwa jina unatoa jina kamili. Nikaandika: Marehemu Stella Kabula.

Kijana wa duka hilo la Dar akaniuliza, "Mzee, tuandike hivyo hivyo?"

Nikajibu, "Ndiyo, ndivyo ilivyo." Nikaongeza kwamba wafunge kwenye sanduku la mbao, kioo kisije kikavunjika.

Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya ile Jumatatu, nilipigiwa simu kutoka ofisi ya mizigo ya basi kule stendi ya Nyegezi. Sauti ilikuwa ya upole kupita kawaida ya watu wa mizigo. "Mzee, tunaye hapa Marehemu Stella. Pole sana." Nikasema asante. Mtanielewa: kwa mwaka mzima nilikuwa naambiwa pole na watu nisiowajua, sokoni, barabarani, na jibu langu lilikuwa linatoka lenyewe kabla sijafikiri.

Nilipofika nikakuta sanduku la mbao mbichi limewekwa peke yake pembeni, mbali na magunia, na juu yake wale wa Dar wameandika, kama jina la mwenye mzigo, kwa wino mweusi, herufi kubwa, MAREHEMU STELLA KABULA, na chini, BEBENI POLEPOLE. Wapagazi wanne wakavua kofia. Sanduku lile mtu mmoja mwenye nguvu angelibeba, lakini walilinyanyua wote wanne, mabegani, wakatembea kwa hatua moja. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Mbona fupi? Ni mtoto?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza wewe. Hiyo ni mifupa, wanahamisha kaburi."

Nami, mpaka hapo, nilidhani wanazungumzia mzigo mwingine.

Dereva wa toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, alikataa kupakia vitu vya mtu mwingine. Akavunja tawi la majani, akalifunga mbele, akawasha taa mchana kweupe, akaniambia, "Kaa naye huku nyuma, mzee, asiwe peke yake." Nikapanda, nikaweka mkono juu ya sanduku (nilikuwa nahofia kioo). Tukaondoka mwendo wa taratibu kabisa.

Nilielewa tulipofika Mkuyuni. Wanaume waliokuwa wanacheza bao walisimama, mama muuza dagaa akashusha beseni lake kichwani, magari nyuma yetu hayakupiga honi hata moja. Nikatazama tawi, nikatazama maandishi, nikaelewa yote kwa pamoja. Ningeweza kumgonga dereva bega nikamwambia, ndugu yangu, hii ni kompyuta. Sikumgonga. Nitasema kwa nini, ingawa ni aibu kuliko aibu zote: siku ya mazishi yenyewe sikuona mtu, niliona viatu vyangu tu kuanzia kanisani mpaka kaburini. Sasa nilikuwa nimeinua kichwa, nawaona watu wanamsimamia Stella, na nikapenda. Nikajiambia, kidogo tu, nitasema tukifika Igogo.

Tulipofika Igogo nafasi ya kusema haikuwepo tena. Mama Koku, mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mhaya mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, alisoma sanduku mara moja tu, akaweka mikono kichwani.

"Jamani! Baba Neema amemfukua mke wake!"

Mtaa mzima ukatoka. Kina mama wengine wakalia, wengine wakakimbia, na kuna waliofanya yote mawili. Viti vya plastiki vikaletwa, sijui na nani. Nikafungua kinywa niseme, Mama Koku akanishika mkono akaniambia, "Usiseme kitu, baba, uchungu ni uchungu," kisha akanikabidhi simu yake. Kumbe alikuwa ameshapiga Bujora.

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wangu. Na mimi, katika vurugu zote zile, nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema. "Umemfukua mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Ngoja." Nikasikia hatua, na shemeji yangu Masanja akihema kwa mbali. Alikuwa ametumwa mbio makaburini. Akachukua simu. "Shemeji, kaburi liko salama, hata maua yapo. Sasa huyo uliyenaye hapo ni nani?"

"Ni kompyuta," nikasema.

Mzee Bwire, ambaye alikuwa ameshasimama kutoa rambirambi, akabaki mdomo wazi. Nikachukua nyundo kwenye boksi langu la vifaa, nikang'oa misumari mmoja mmoja mbele ya macho ya wote, na nilipoinua kifuniko Mama Koku akarudi nyuma hatua tatu. Hata alipoiona mashine hakuamini. "Iwashe," akasema, "tuone." Tukaichomeka ndani ya fremu. Taa zikawaka nyekundu, zikageuka kijani, zikawa zambarau, zinakimbizana kama za ukumbi wa muziki, na katikati yake jina linang'aa: Marehemu Stella Kabula.

Aliyeanza kucheka ni mama muuza vitumbua. Baada yake sikusikia kitu kingine isipokuwa vicheko, dereva wa toyo alikaa chini kabisa, na tawi lake bado liko mbele ya pikipiki.

Simu ilikuwa bado hewani. Nikamweleza mama mkwe kila kitu, tangazo, jina, mpaka Mkuyuni nilivyonyamaza.

"Baba Neema," akasema, "mwanangu alikuwa na jina kabla ya hilo neno. Hata mashine nayo uiambie kwamba amekufa?"

Nikamrudishia Mama Koku simu yake.

Mzee Bwire akapita karibu yangu, akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Jumatatu fungua. Wa chipsi nitamwambia fremu ina mwenyewe."

Nilifungua. Natoa kopi, nachapa kwa kidole kimoja, na wateja wananitania kutwa. Nimeapa mambo mawili: mtu akiniambia pole, nitamuuliza kwanza pole ya nini, na nikiulizwa jina, nitatoa jina, basi. Neno lile la kwanza kwenye kava nimeliziba kwa kipande cha tepu nyeusi ninayofungia usukani wa baiskeli. Asubuhi nikiwasha, zinasomeka herufi zilizobaki, Stella Kabula, nyekundu, kijani, zambarau. Namwambia, "Stella, umeamkaje," kisha nafungua mlango.