Vua, Mama

Kwa mtoto aliyekulia Penrith, huku ughaibuni, neno "vua" lilihusu nguo na viatu tu. Ndivyo binti yetu alivyolisikia tangu aanze kutembea: vua viatu mlangoni, vua koti lililolowa, vua sare ya shule kabla ya kula. Kuvua samaki hatukuwahi kumpeleka. Mimi na mume wangu ni watu wa bara, Kenya, na kwetu samaki alikuwa kitu cha kununua akiwa amekwisha kukaangwa.

Wazo la kwenda ziwani lilikuwa la mume wangu. Daktari alikuwa ametuambia kwamba dawa hazimsaidii tena. Sisi wawili tulijua, mtoto hakujua. Kila tulipojaribu kumkalisha tuzungumze, aliinuka akaingia chumbani na kufunga mlango. Hospitalini ninakofanya kazi, mimi ndiye ninayeketi na jamaa za wagonjwa nikiwaeleza polepole, na kurudia, mpaka waelewe. Nyumbani maneno yalinikwama.

"Niachie mimi," mume wangu akasema. "Nitamwambia ndani ya boti. Kwenye boti hakuna mlango."

Tukavuka milima, tukaendesha gari mpaka nchi ikakauka na miti ikawa ya kuhesabika, tukafika kwenye ziwa lililozuiwa kwa ukuta wa bwawa ndani ya korongo, kuta za mawe mekundu kila upande. Tulikodi boti ndogo ya bati. Jaketi la kuokolea maisha lilimpwaya mume wangu kama la kuazima.

Maji yalikuwa yametulia. Nilikaa nikimweleza binti jinsi chambo kinavyofichwa kwenye ndoano, na kwa nini asivute kwa haraka, na samaki gani hupenda kina kipi, mambo niliyoyasoma jana yake.

"Mwalimu, punguza somo," mume wangu akanitania. "Samaki wanasinzia."

Ndipo mshipi wa binti ukakaza. Baba yake, aliyekuwa akimwita Mama kwa sababu tulimpa binti jina la mama mkwe wangu, akainuka nusu.

"Vua, Mama, vua."

Binti akamtazama kwa mshangao, akaiweka fimbo ya kuvulia chini, akaanza kufungua jaketi lake.

"Samaki," nikasema nikimshika mkono. "Si nguo."

"Basi angesema samaki," akajibu kwa Kiingereza, kama anavyotujibu siku zote.

Mume wangu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia, akaichukua ile fimbo na kumpandisha samaki mwenyewe. Alikuwa mdogo, na huku samaki mdogo hurudishwa majini. Akamtoa ndoano, akamwachia, na utelezi wa samaki ukaondoka na pete yake ya ndoa. Ikalia kwenye bati, miguuni petu.

Binti akaiokota. Akamvisha, ikateleza. Akajaribu kidole kingine, ikateleza tena.

"Itakukaa tena lini?" akauliza.

Nilifungua kinywa nieleze. Mume wangu akaniwekea mkono gotini.

"Haitanikaa tena, Mama," akasema. "Dawa zimeshindwa. Sitapona."

Binti akageuka, akatazama yale mawe mekundu. Alilia bila sauti, ila boti ilikuwa nyepesi, nasi tulikuwa tukitikisika naye. Mwishowe akafuta uso kwa kiwiko.

"Mama anajua?" akamuuliza baba yake, kana kwamba mimi sipo.

"Anajua."

"Ndiyo maana anaeleza sana habari za samaki."

Akasogea, akaivuta mikanda ya jaketi la baba yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka likamkaa. Kisha akaitia pete kwenye kidole gumba chake, akaichukua fimbo.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, "tuvue."

Tulivua mpaka jua likawa kali mno. Hatukupata kitu.

Mume wangu alituacha kabla baridi haijaingia. Viatu vyake vya safari ile vingali mlangoni, na vumbi jekundu kwenye nyuzi. Binti yangu akirudi kutoka shuleni huviruka bila kuvitazama. Wageni tunawaomba wavue vyao upande wa pili.