Shangazi Aliyekosa Mtu wa Kurithi Jina Lake

Majina yote ya kwetu ninayo kichwani. Shule niliachia darasa la pili, lakini ukiniuliza waliozikwa kwetu Suguti, nitakutajia mpaka watoto waliofariki kabla ya kuota meno. Hapa simtaji mtu. Wenyewe wanajijua.

Mjukuu wangu anayekaa Bunda alipojifungua binti yake wa pili, wakwe zake walisema, "Wa kwanza tulimpa jina la kwetu. Huyu ni zamu yenu." Kwetu mtoto anapewa jina la mtu aliyekufa, ili mtu yule aendelee kuitwa. Nikasema apewe la shangazi yangu, dada yake baba. Mjukuu akakataa.

"Bibi, huyo si hakuzaa? Unataka na mwanangu afe bila mtoto?"

Wengi wanaogopa hivyo. Ndiyo maana miaka yote jina lile hakuna aliyelichukua, na nimebaki mimi tu ninayelijua. Nikifa, limekwisha. Iliniuma, lakini sikubishana. Mzazi ni yeye.

Nilikuwa nimekwenda kumsaidia mpaka apate nguvu. Mchana mmoja wa mvua akaweka filamu ya Kichina ya mizimu, zile za kutafsiriwa, kijana anaongea Kiswahili juu ya maneno yao.

Akanitania, "Mke mwenzangu, ukiogopa usinirukie. Nina mshono."

"Shika mtoto wako. Mimi nimeosha maiti wengi kuliko hao waigizaji."

Kumbe huko kwao kuna mwezi ambao waliokufa wanatoka kutembea, na watu wanawawekea wali na matunda mlangoni, kila nyumba na wafu wake. Alikuwepo mwanamke mmoja, nywele mpaka kiunoni, shingo nyembamba kama bua la mtama. Anapita mlango hadi mlango. Chakula kipo, chake hakuna. Akigusa cha wenzake kinageuka moto. Mtafsiri akasema, "Jamani, huyu mama tangu azikwe hajaonja kitu!" Mjukuu akacheka. Hapohapo yule mwanamke akageuka akatutazama, mjukuu akapiga yowe, mtoto akaamka analia.

Akampa ziwa. "Lakini kwa nini hawampi chakula?"

"Hakuzaa. Nani amkumbuke?"

Filamu ikaendelea, mjukuu haangalii.

"Bibi, shangazi yako alikuwaje?"

Nikamwambia. Mama alipougua nikiwa mdogo, shangazi ndiye alinichukua. Alikuwaga anamega ugali wa udaga, ule wa muhogo, anaupuliza upoe, ananipa. Samaki akiwa ningu, tumbo lenye mafuta langu, yeye anafyonza kichwa, anasema ndicho kitamu. Nilikaa kwake mpaka nikaolewa. Wanawake walikuwaga wanamtania ziwani tukichota maji, "Wewe, unalea kifaranga cha mwenzio!" Anawajibu, "Kikikua nitakula mayai. Nyie mtakula maneno."

Mjukuu alicheka mpaka akashika mshono. "Kumbe alikuwa na mdomo!"

"Tena sana."

Akamtazama mtoto, halafu mimi. "Basi huyo hakufa bila mtoto, bibi. Si alikuwa na wewe? Wewe ukamzaa mama, mama akanizaa mimi. Mpe jina lake."

Nilitoka nikasimama jikoni, nikajifanya naangalia uji. Uzee wote huu sikuwahi kuliona jambo lile hivyo. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mjukuu wangu, na waliotengeneza ile filamu nao, popote walipo, Mungu awape.

Siku ya kumtoa mtoto nje nililitamka jina mbele ya wakwe. Baba yake alilikosea, nikamsahihisha, akarudia mpaka likakaa.

Sasa yule mtoto anatembea, na mtundu hasa. Jina lile linaitwa tangu asubuhi: toka kwenye matope! Rudisha kiatu cha baba! Juzi nilikaa kibarazani pale Bunda, nikawa nasikiliza tu wanavyomgombeza.