Chumba cha Msimamizi

Amida, mshonaji katika nyumba ya wapangaji sita mjini Élisabethville, aliipenda mikono ya msimamizi wao: ilinuka lami ya kuzibia bati, ilifagia ua kabla ya jua kutoka, na kila mlango iliugonga taratibu kwa vidole viwili. Ila msimamizi huyo chumba chake alikilipia kodi kama wengine, na kazi yote akaifanya bure. Amida akamfuata mwenye nyumba. "Baba, huyu muntu anatufanyiaka kazi yote. Chumba yake ikuwe mushahara yake." Mwenye nyumba akakubali. Msimamizi aliposikia, alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Basi kwa ile feza ya kodi muke yangu atatoka kwetu Pweto, tutaishi pamoja!" Jumamosi mama huyo alishuka kwenye lori na kikapu cha samaki wakavu, na ua mzima ukala ukicheka.